Kilichopungua Uingereza ni milango

Mjomba wangu ana santuri za Beatles na Rolling Stones alizoanza kuzikusanya miaka ya 70, na kila nikirudi Dar kwa likizo swali lake ni lile lile: "Mjomba, hao Waingereza wako wamepatwa na nini? Mbona siku hizi hawana kitu?" Nafundisha historia ya muziki na utangazaji huko Uingereza, na kabla ya hapo nilikuwa fundi sauti kwenye kumbi ndogo kwa miaka kadhaa. Jibu ninalo, ila halitoshi kikombe kimoja cha kahawa, ndiyo maana naliandika hapa.

Wengi wanaolalamika kwamba utamaduni pendwa wa Uingereza umeshuka huwa wanaomboleza baraza. Hapo zamani nchi nzima ilikaa mbele ya kitu kimoja. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1986 watu zaidi ya milioni 30 walitazama tamthilia ya EastEnders, yaani zaidi ya nusu ya Waingereza wote, wachanga na vikongwe wakihesabiwa humo. Kila wiki kuanzia Januari 1964 kulikuwa na Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni, na wimbo ukichezwa pale, kesho yake watoto shuleni na wafanyakazi kiwandani waliujadili. Kipindi hicho kilifungwa Julai 2006. Mwaka 2024, Gavin & Stacey ilipopata watazamaji zaidi ya milioni 12 usiku wa Krismasi, magazeti yalishangilia kana kwamba mvua imenyesha baada ya ukame.

Hasara hiyo naikubali, lakini siihesabu kuwa kushuka kwa sanaa. Mpaka Novemba 1982 Mwingereza alikuwa na chaneli 3 tu, na hata kipindi dhaifu kilijaza sebule. Isitoshe, baraza halijafa. Januari 2024 kituo cha televisheni cha ITV kilionyesha tamthilia kuhusu wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walioshitakiwa kwa wizi kwa sababu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon ulikuwa unakosea hesabu. Waliotiwa hatiani walizidi 900. Waandishi wa habari walikuwa wamelipigia kelele jambo hilo tangu 2009, na kesi zilikwisha kufika mahakamani, lakini ilikuwa ile tamthilia ya usiku nne iliyowasha hasira ya umma. Kufikia Mei, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Sijui tamthilia ya "enzi za dhahabu" iliyofanya zaidi ya hapo.

Na muziki je? Mjomba hajasikia grime, aina ya rap ya Kiingereza, na hilo si kosa lake. Ilizaliwa mitaa ya Bow, mashariki mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watoto wa magorofa ya halmashauri waliorusha matangazo kupitia redio zisizo na leseni, antena zikifichwa juu ya mapaa. Dizzee Rascal alishinda Tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka, mwaka 2003 akiwa hajatimiza miaka 19. Polisi wa London walikuwa na fomu, nambari 696, ambayo waandaaji wa maonyesho walitakiwa kuijaza, na toleo lake la awali liliuliza hata wanaotarajiwa kuja ni watu wa asili gani. Maonyesho mengi ya vijana weusi yalikufa kwa karatasi hiyo mpaka ilipofutwa Novemba 2017. Hata hivyo grime ilipanda. Mwaka 2019 Stormzy alifunga usiku kwenye jukwaa kuu la tamasha la Glastonbury, na miaka mitatu baadaye Little Simz akaibeba Mercury. Ukisikiliza jinsi Simz anavyopanga maneno, huwezi kuniambia kipaji kimeisha kisiwani kule.

Kwa hiyo nikitafuta kilichoshuka, siangalii jukwaani. Naangalia mlangoni: nani anaingia, na kwa gharama ya nani.

Mfano nitautoa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia yake ilikimbilia Uingereza na kupanga maisha upya Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akaingia chuo cha sanaa cha Ealing kusomea uchoraji wa matangazo, akamaliza mwaka 1969. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Chuo hicho hicho kilikuwa kimewapitisha Pete Townshend na Ronnie Wood. John Lennon alitoka chuo cha sanaa cha Liverpool, Keith Richards cha Sidcup. Vyuo hivi vilimpokea kijana asiye na alama za kutisha, vikampa miaka mitatu ya kuchora, kupiga gitaa koridoni na kukutana na wenzake. Kwa kawaida ada haikutoka mfukoni mwake, na wengi walipewa na halmashauri posho ya kujikimu. Nchi ilidhani inasomesha wachoraji, kumbe inalea wanamuziki.

Ada ilirudi mwaka 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 ikafika 9,000. Mwaka wa masomo 2025/26, kwa upande wa England, ilikuwa 9,535, na kijana huilipa kwa mkopo. Wanafunzi wangu hufanya kazi za usiku ili walipe kodi ya chumba, halafu wanasinzia darasani, na siwezi kuwagombeza. Miaka ya 80 hata serikali ya Thatcher ilitoa pauni 40 kwa wiki kwa asiye na kazi aliyetaka kujiajiri, na Alan McGee, mwanzilishi wa lebo ya Creation iliyowatoa Oasis, alikuwa miongoni mwa walioipata.

Kwa waigizaji hali ni hiyo hiyo. Michael Caine ni mtoto wa mchukuzi wa soko la samaki la Billingsgate. Shule za kulipia husomesha takriban asilimia 7 tu ya watoto, lakini hesabu waigizaji wakubwa wa leo waliopitia Eton na Harrow.

Kinachoniuma zaidi ni kumbi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi. London peke yake ilikuwa na kumbi ndogo za muziki 136 mwaka 2007. Mwaka 2015 zilibaki 88. Nchi nzima ilipoteza nyingine 125 mwaka 2023. Kodi ya pango inapanda, umeme unapanda, na mtu ananunua nyumba jirani kisha anashitaki kwa kelele zilizokuwepo kabla yake. Ukumbi niliofungia spika zangu za kwanza sasa ni magorofa ya kuishi. Bendi ilicheza pale kwa watu 40, ikakosea, ikarudi mwezi uliofuata ikiwa nzuri kidogo. Simu haiwezi kukupa hilo, maana mtandaoni ukikosea mara moja kosa linabaki.

Na ushahidi kwamba milango ikifunguliwa watu huingia upo. Ezra Collective, bendi ya kwanza ya jazi kushinda Mercury, mwaka 2023, ilizaliwa katika Tomorrow's Warriors, mpango unaofundisha vijana jazi bila malipo.

Serikali sasa inaunga mkono tozo ya pauni 1 kwa kila tiketi ya maonyesho makubwa ili kusaidia kumbi ndogo. Bendi ya Coldplay walitoa asilimia 10 ya mapato ya maonyesho yao ya Hull na Wembley ya 2025. Nawashukuru, lakini tozo hiyo ni ya hiari, na mwenye uwanja asiyetaka hatozi. Ufaransa hukata asilimia 3.5 ya tiketi za muziki kwa mujibu wa sheria na kuzirudisha kwa wasanii na kumbi. Naitaka sheria ya namna hiyo London, na nimemwandikia mbunge wangu mara mbili kumwambia hivyo.