"Papo hapo" ambayo si leo

Nilipokuwa mgeni kwenye dawati la fedha za kigeni, mteja mmoja alinipigia simu Alhamisi mchana akitaka euro kwa dola. Nikamtajia bei ya papo hapo, akakubali, tukamaliza. Ijumaa asubuhi akapiga tena: mbona euro hazijaingia? Nikamwambia zitaingia Jumatatu. "Sasa hiyo papo hapo yenu ni ipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika kiwango cha papo hapo, kinachofungwa sasa hivi ni bei. Fedha zenyewe hulipwa siku ya pili ya kazi, na wikendi haihesabiwi. Dola ya Marekani kwa dola ya Kanada ni siku moja tu. Tena, siku ya malipo ikiangukia sikukuu katika nchi ya mojawapo ya sarafu hizo, inasogezwa mbele. Mambo haya ni mabaki ya enzi za teleksi, benki zilipohitaji muda wa kuthibitisha muamala na kuagiza malipo ng'ambo.

Malipo yenyewe nayo yana hatari yake, kwa kuwa pande mbili huenda zisilipe saa ile ile. Tarehe 26 Juni 1974 wasimamizi wa Ujerumani waliifunga benki ya Herstatt, mjini Cologne, saa za kazi zilipokwisha huko. Kuna benki zilizokuwa zimeshailipa maki za Kijerumani siku hiyo. New York ilikuwa bado asubuhi, na dola walizokuwa wakizisubiri hazikuja. Leo sehemu kubwa ya malipo hupitia mfumo wa CLS, ulioanza 2002, ambao hauachii malipo ya upande mmoja mpaka wa pili nao ulipe.

Turudi kwenye bei, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Soko hili halina jengo wala kengele ya kufungua. Kuna benki na madalali wanaotajiana bei, na kila bei ina pande mbili. Tuseme euro kwa dola ni 1.0842/1.0844. Kwenye simu sisi husema "42, 44" tu, za mbele kila mtu anazijua. Benki inanunua euro kwa 1.0842, inakuuzia kwa 1.0844. Kwa euro milioni moja, tofauti hiyo ni dola 200. Ile 1.0843 unayoiona kwenye simu yako ni ya katikati, na kwa kawaida hutaipata dirishani.

Benki iliyolemewa na euro hushusha bei zake kidogo ili izipunguze, bila kukwambia. Na dakika chache kabla ya takwimu za ajira za Marekani kutangazwa, ile tofauti ya pointi mbili, kutoka 42 hadi 44, huweza kutanuka mara kadhaa, kwa kuwa hakuna anayetaka kukamatwa na bei ya zamani. Malipo yakiweza kungoja, mimi humwambia mteja anipigie baada ya nusu saa.