Kukabili droni katika anga la kimataifa: maana yake, na kwa nini si sawa na kuizuia

Redio na magazeti hupenda neno "kuzuia": ndege za kivita zimezuia droni ya upelelezi juu ya bahari. Msikilizaji wa Kampala au Mbarara akilisikia hupata picha ya rodibloki. Askari amenyoosha mkono, gari limesimama, dereva anatafuta leseni. Juu ya bahari kuu hakuna askari mwenye mamlaka hayo. Droni haisimami, na anayeifuata hana haki ya kuisimamisha.

Neno lililo karibu na ukweli ni kukabili: kuiendea ndege usiyoijua, kuifikia, kuitazama kwa karibu ili kujua ni ya nani na imebeba nini, kisha kuisindikiza mpaka iende zake. Ni kama mwenye boma anayetoka nje akiona mgeni anapita barabarani mbele ya lango lake. Barabara ni ya wote. Anaweza kumtazama, kumwuliza, hata kutembea kando yake hatua kadhaa. Kumkwida hawezi.

Barabara hiyo ya wote inaanzia wapi? Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga la ardhi yake na la maji yake ya pwani. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ukaweka kikomo cha maji hayo: yasizidi maili 12 za baharini kutoka ufukweni, yaani kama kilomita 22. Kutoka hapo kwenda nje, anga ni la kimataifa, hata juu ya ukanda wa uchumi wa maili 200 ambako nchi ya pwani ina haki ya samaki na mafuta. China na nchi nyingine kadhaa hupinga upelelezi wa kijeshi ndani ya ukanda huo, na ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Uganda haina pwani, kwa hiyo hakuna hata kipande cha anga lake kilicho cha kimataifa. Wapo wanaodhani kwamba katikati ya Ziwa Victoria, mahali ambapo huoni nchi kavu upande wowote, ni pa wote. Sivyo. Ziwa lote limegawanywa kati ya Uganda, Kenya na Tanzania, na ukiuvuka mpaka wa Uganda majini umeingia kwa jirani. Ndege itokayo Entebbe kwenda Mumbai hulikuta anga la kimataifa baada ya kuiacha pwani ya Afrika Mashariki nyuma yake. Droni ya kijeshi ya kigeni ikionekana juu ya Gulu bila kibali, hilo ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago kinaitaka ndege ya serikali yoyote ipate idhini kabla ya kuruka juu ya nchi nyingine, na kifungu cha 8 kinalirudia sharti hilo kwa ndege zisizo na rubani. Aliyeingiliwa nyumbani ana haki ambazo mtu wa barabarani hana.

Kuna mistari miwili kwenye ramani inayowachanganya hata waandishi wa habari. Wa kwanza ni eneo la kuongozea ndege. Nairobi na Mogadishu huongoza ndege juu ya sehemu za Bahari ya Hindi, lakini hiyo ni huduma tu. Maji na anga havijawa vyao. Wa pili ni eneo la utambuzi wa ulinzi wa anga, ambalo nchi hulitangaza yenyewe na kutaka kila ndege inayolikaribia ijitambulishe. Marekani ilianza kutangaza maeneo hayo mwaka 1950, na China ilitangaza lake juu ya Bahari ya China Mashariki Novemba 2013. Nchi ikisema "droni iliingia eneo letu", uliza kwanza ni eneo gani kati ya haya.

Kazi yenyewe huanza kwenye rada. Kitu kimeonekana, hakijibu redio, na transponda yake, kile chombo kinachotangaza jina na kimo cha ndege, imezimwa. Ndege mbili za zamu hupaa. Katika zamu za NATO muda unaoruhusiwa kati ya amri na kupaa ni dakika 15. Mwongozaji aliye ardhini huwapa marubani mwelekeo, kimo na mwendo wa ile ndege. Huwa mbili kwa sababu moja husogea na nyingine hubaki nyuma na juu, ikiangalia.

Kwa ndege za abiria, taratibu za kimataifa zimeandikwa hatua kwa hatua. Ndege inayokabili huja kutoka nyuma, hujiweka upande wa kushoto, juu kidogo na mbele kidogo, mahali ambapo rubani wa ile nyingine anaweza kuiona, na mwanzoni haisogei karibu zaidi ya mita 300. Hutikisa mabawa na kuwasha na kuzima taa: maana yake, nifuate. Anayekubali naye hutikisa mabawa, hufungua masafa ya dharura ya 121.5 MHz na kuweka msimbo 7700 kwenye transponda. Kazi ikiisha, anayekabili hujitoa taratibu kwa kushuka kidogo. Ndege za kijeshi hazibanwi na kila kifungu cha taratibu hizo, lakini zinatakiwa kuruka kwa kujali usalama wa wengine, na marubani makini hufuata roho ile ile.

Sasa soma tena hatua hizo ukiwa na droni akilini. Lugha yote hiyo ni ya macho kwa macho. Unamtikisia nani mabawa? Rubani wa droni yuko kwenye chumba, pengine bara jingine, na kamera yake kuu inatazama kama mtu anayechungulia kupitia mwanzi. Picha anayoiona imepitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi kwa amri na picha peke yake hula kama nusu sekunda, na mitambo ya kubana na kufungua picha ikiongezeka, sekunda nzima hupita kwa urahisi.

Mwendo nao ni tatizo kubwa. MQ-9 Reaper, droni ya Marekani inayotajwa mara nyingi katika visa hivi, ina mabawa ya mita 20 na husafiri kwa karibu kilomita 370 kwa saa. Su-27, ndege ya kivita ya Urusi, ni chuma cha zaidi ya tani 20 kilichoundwa kupita kilomita 2,000 kwa saa. Ukipunguza mwendo wa ndege kwa nusu, nguvu ya bawa kuinua hubaki robo, kwa hiyo rubani hulazimika kuinua pua juu sana ili asianguke. Hapo ndege huwa nzito mkononi, na pua iliyoinuka humziba asione mbele chini. Wengi huchagua kupita kwa kasi, kuzunguka, na kupita tena. Akipita kwa kilomita 550 kwa saa, tofauti ni kilomita 180 kwa saa, yaani mita 50 kila sekunda. Zile mita 300 za tahadhari huisha ndani ya sekunda sita, na moja kati ya hizo sita rubani wa droni hajaiona bado.

Hatari ya mwendo usiolingana ilikuwapo kabla ya droni. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya kivita ya China aina ya J-8 iligongana na EP-3, ndege ya upelelezi ya Marekani yenye injini za rafadha (yale mapanga yanayozunguka), karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alifariki. Wamarekani 24 walitua kwa shida kisiwani. Kwenye EP-3 kulikuwa na watu ambao maisha yao yangeweza kupotea. Droni haina mtu ndani, na hilo limewafanya baadhi ya marubani wathubutu mambo ambayo wasingeyafanya mbele ya uso wa mwenzao.

Ndivyo ilivyokuwa juu ya Bahari Nyeusi tarehe 14 Machi 2023. Su-27 mbili ziliifuata MQ-9, zikaimwagia mafuta mara kadhaa, na kwa mujibu wa Marekani moja ikaigonga rafadha. Mafuta huchafua kamera, na yakivutwa na injini yanaweza kuiharibu. Rafadha ya Reaper iko nyuma, mahali pale pale anapotokea anayeifuata, na ubao wake mmoja ukipinda mtetemo hufanya droni isiweze kuendelea. Waendeshaji waliishusha baharini. Urusi ilikana kugusana nayo. Ilisema droni iligeuka ghafla ikapoteza kimo, na kwamba ilikuwa imezima transponda na kuingia eneo ambalo Urusi ilikuwa imelitangaza kuwa na masharti ya muda. Video iliyotolewa na Marekani siku mbili baadaye ilionyesha mafuta yakimwagwa na rafadha iliyopinda. Kuhusu masharti hayo, hukumu yetu ni hii: nchi inaweza kuonya watu kuhusu hatari juu ya bahari kuu, lakini kulifunga anga hilo haiwezi.

Julai 2023 mbinu nyingine zilionekana Syria, ambako anga si la kimataifa. Ndege za Urusi ziliangusha mioto yenye miavuli mbele ya MQ-9, na moja ikakaa mbele ya droni na kuwasha moto wa ziada wa injini ili hewa iliyovurugika iyumbishe yale mabawa marefu na mepesi.

Kuitungua droni ni hatua iliyo nje kabisa ya maana ya kukabili. Droni ya jeshi ni ndege ya serikali, na kuiangusha katika anga la kimataifa ni kushambulia mali ya serikali hiyo. Ndiyo maana kila kesi hurudi kwenye swali la mahali. Tarehe 20 Juni 2019 Iran iliitungua RQ-4, droni ya upelelezi ya Marekani, karibu na Mlango wa Hormuz, kwa kombora kutoka ardhini. Rais Trump alisitisha shambulio la kulipiza kisasi, akisema halikulingana na kutunguliwa kwa ndege isiyo na mtu. Marekani ilisema droni ilikuwa kilomita 34 kutoka pwani ya Iran. Iran ikasema ilikuwa ndani ya anga lake, yaani ndani ya zile kilomita 22. Tofauti ni angalau kilomita 12. Kwa mwendo wa droni ile, hiyo ni safari ya dakika moja na kitu.