Kupigwa kalamu bila kalamu

Jumanne moja saa tatu usiku, kijana wetu wa mauzo alijua amefutwa kazi alipoona ametolewa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Hakupata barua wala simu. Asubuhi alikuja hadi mlangoni kwetu Kilimani, Nairobi, kadi yake ikakataa kufungua, akanipigia mimi. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kuagiza maziwa ya chai na kuhifadhi orodha ya wafanyakazi kwenye Excel. Kwa hesabu za kampuni yetu changa, basi, mimi ndiye niliyekuwa idara nzima ya rasilimali watu.

Nilimshushia mkoba wake na chaja. Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa ya kwanza katika taaluma hii.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya wakili. Bosi aliniita akaniuliza, "Tumekosea wapi?" Hakuwa akijifanya. Alikuwa mhandisi wa programu, na kwake mtu asiyefikisha lengo la mauzo alikuwa kama hitilafu: unaifuta, unaendelea. Nilipakua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kwenye simu nikaisoma ndani ya matatu, kutoka Yaya Centre hadi mjini, siku tatu mfululizo. Foleni ya Ngong Road nayo ina faida zake.

Kifungu cha 41 kilinitoa jasho. Kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au kushindwa kimwili, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha wasikilizwe. Sisi hatukuwa tumemsikiliza mtu yeyote. Zaidi ya hapo, kijana alikuwa amefanya kazi miezi saba bila mkataba wa maandishi, ilhali sheria inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na kuiandika ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mahakamani bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia mwajiri. Mahakama ikiona mtu ameonewa, inaweza kuamuru alipwe hadi mshahara wa miezi 12. Tulimalizana naye nje ya korti. Kiasi sitakitaja, ila kingenilipa mimi kwa muda mrefu.

Ukutani kwetu kulikuwa na bango limeandikwa kwamba sisi ni familia. Nililitoa mwenyewe, na hakuna aliyeuliza liko wapi.

Vijana wengi huniuliza waanze na kozi gani ili waingie kwenye kazi hii. Jibu langu huwaudhi kidogo: jifunze kwanza kuandaa mishahara. Mitihani ya CHRP, ile ya wataalamu wa rasilimali watu, niliifanya baadaye, nikisoma usiku, na ni ya lazima ukitaka kwenda mbali, kwa sababu tangu sheria ya 2012 hii ni taaluma yenye usajili na leseni, si kazi ya yeyote anayependa watu. Lakini mishahara ndiyo iliyonifunza kampuni. Unakata PAYE, yaani kodi ya mshahara, na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, unatoa asilimia 2.75 ya SHIF, bima ya afya, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambayo mwajiri naye anaongeza sawa na hiyo, halafu NSSF ya uzeeni, halafu mkopo wa Sacco. Ukifika chini ya ukurasa unajua nani anaishi vipi. Kulikuwa na dada mmoja aliyeomba advansi kila tarehe 10, mwezi baada ya mwezi, na mhasibu alikuwa akimkatia mpaka karibu asibaki na kitu. Sheria hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili za mshahara. Nilipomwonyesha mhasibu, alisema, "Lakini ni yeye aliyeomba." Kuomba kwake hakubadilishi kifungu cha 19.

Halafu kuna siku pesa za wawekezaji zilichelewa. Bosi alijua tangu tarehe 20 kwamba mishahara haitatoka kwa wakati, akanyamaza akitumaini muujiza. Tarehe 5 ilipofika, wenye nyumba wa mitaa ya Umoja na Pipeline walikuwa wameanza kubisha milango, na ofisini watu walikuwa wakisomana nyuso. Tulilipa tarehe 9. Wawili waliondoka mwezi huo, na wote wawili waliniambia kilichowachoma ni kule kunyamaziwa kuliko hata kuchelewa kwenyewe. Tangu hapo tulikubaliana: ikifika tarehe 25 na pesa hazijaonekana, bosi anasimama mbele ya watu na kusema hivyo kwa mdomo wake. Amefanya hivyo mara moja tu. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuna aliyeacha kazi.

Kosa langu kubwa mwenyewe lilikuwa la lugha. Mkutano wetu wa Jumatatu uliendeshwa kwa Kiingereza, na mawakala wetu wa soko la Gikomba na mtaa wa Kayole walikaa nyuma kimya. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hawana malalamiko. Hilo bado linanitia aibu. Siku moja niliwafuata Gikomba, tukaketi kibandani kwa chai na mandazi, nikauliza kwa Kiswahili kazi inaendaje. Mama mmoja akaniambia, "Madam, mvua ikinyesha soko linafungwa, lakini lengo la siku halipungui. Sasa hiyo pesa niitoe kwa matope?"

Wiki hiyohiyo ghorofani tulikuwa tukijadili kununua meza ya ping-pong ili kuboresha utamaduni wa ofisi. Nilipeleka swali la yule mama kwa bosi kama lilivyo, matope na yote. Meza haikununuliwa. Tulinunua makoti ya mvua na gambuti, tukapunguza malengo ya Aprili na Mei, na mkutano wa mawakala ukahamia Alhamisi, kwa Kiswahili, kulekule sokoni. Wahandisi wawili walinung'unika kuhusu meza. Waliizoea hali.

Tulipofikisha wafanyakazi 20, sheria ilitudai pia sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Bosi alitaka ninakili ya kampuni nyingine. Nilikataa, kwa sababu sera nyingi za aina hiyo zinaelekeza malalamiko kwa "msimamizi wako", na mara nyingi msimamizi ndiye tatizo. Yetu ina majina mawili ya kupeleka shauri, moja likiwa la mtu asiye na madaraka juu ya yeyote.

Likizo ndiyo inayonishinda. Siku 21 kwa mwaka ziko kwenye mikataba yote, lakini hakuna aliyezichukua zote, kwa kuwa bosi mwenyewe hakuwa amepumzika kwa miaka mitatu na kila mtu alikuwa akimtazama. Desemba iliyopita nilimsukuma aende ushago. Siku ya pili alituma ujumbe saa nne usiku kuuliza kuhusu ankara. Nilimjibu asubuhi, saa tatu kamili. Hakutuma mwingine hadi aliporudi.

Mwaka huu tulilazimika kumwachisha wakala mmoja aliyekuwa akiandikisha wateja hewa. Alipewa barua ya kueleza madai, akapewa siku za kujiandaa, akaja na mwenzake aliyemchagua. Tuliongea kwa Kiswahili saa nzima. Alikiri sehemu, akapinga sehemu, na moja ya alizopinga tulipoikagua tukakuta alikuwa sahihi, tukaifuta. Bado alifutwa kazi. Aliondoka na barua ya sababu, malipo ya siku alizofanya na za likizo aliyobakiwa nayo, na cheti cha utumishi ambacho karibu kila anayeondoka ana haki nacho. Hakunipa mkono.

Miezi mitatu baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa amenitumia CV ya binamu yake, na chini yake ameandika: "Madam, huyu ni mwaminifu kuniliko." Anakuja kwa mahojiano Alhamisi.