Je, wajua? Maoni ya wananchi hayahesabiwi kama kura

Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ya London iliwauliza wakazi swali moja zito. Tozo ya pauni 12.50 kwa siku, inayolipwa na magari yanayochafua hewa kupita kiwango, ilikuwa inahusu maeneo ya ndani tu. Je, isambazwe hadi mitaa yote ya pembezoni? Ndani ya wiki kumi yakaingia majibu zaidi ya 57,000, na asilimia 59 walikataa. Novemba mwaka huohuo meya Sadiq Khan akatangaza kwamba tozo inasambazwa, na tarehe 29 Agosti 2023 ikaanza.

Sasa waliuliza ya nini?

Jibu la haraka, lile la kwenye daladala, ni kwamba walishaamua zamani na maoni yalikuwa geresha. Pengine huwa hivyo kweli. Lakini hata mamlaka ikiuliza kwa nia safi kabisa, asilimia 59 haimalizi shauri, kwa sababu zoezi la maoni halikuundwa ili kujua wangapi wanataka na wangapi hawataki.

Kura ina daftari: kila mwenye haki anajulikana, na kila mmoja anapiga mara moja. Maoni hayana daftari. Anayejitokeza ni yule aliyeguswa, aliyepata taarifa na aliye na nafasi siku hiyo. Mwenye gari kuukuu atakayekatwa pauni 12.50 kila akilitoa nje ana kila sababu ya kujaza fomu usiku huohuo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu, ambaye faida yake itakuja polepole na haitaandikwa kwenye risiti yoyote, hana haraka hiyo. Kwa hiyo ile asilimia 59 ni ya waliojibu, katika jiji la watu karibu milioni tisa. Ukiigeuza kuwa kura, umewapa ushindi waliokuwa na hasira na muda kwa pamoja.

Kinachotafutwa hasa ni athari ambazo waandaaji wa sera hawawezi kuziona wakiwa ofisini. Mfikirie fundi aliyeitwa kukagua paa linalovuja. Anawauliza wote wa nyumba ile. Watano wanasema paa ni bovu, liezuliwe lote. Mtoto anayelala chumba cha nyuma anasema maji hudondoka pale tu mvua inapokuja na upepo wa upande wa mwembe. Fundi hasemi watano wamemshinda mmoja. Watano wamempa neno moja. Mtoto amempa la pili, na la pili ndilo linalomwambia pa kuegemeza ngazi. Lau wengine nao wangeutaja mwembe, angekuwa na uhakika zaidi, hivyo idadi haiendi bure. Kazi yake ni kuthibitisha.

Ndivyo majibu yanavyochambuliwa. Msomaji hupitia jibu mojamoja na kulitia kwenye fungu la hoja: gharama, afya, walemavu, biashara ndogo, mabasi yasiyofika. Barua elfu zilizonakiliwa neno kwa neno zinaingia fungu moja. Kisha mamlaka inajibu hoja, fungu kwa fungu. Kwa London, walemavu waliongezewa muda wa msamaha hadi Oktoba 2027 na wanaostahili wakawa wengi zaidi, na zikatengwa pauni milioni 110 za kuwasaidia wenye kipato kidogo, walemavu, wafanyabiashara wadogo na mashirika ya hisani kuachana na magari yao. Mwenye kushuku atasema mambo haya yalikuwa tayari kwenye droo, yakisubiri kutolewa kama zawadi. Kwa mtu wa nje ni vigumu kumpinga, maana ripoti huonyesha kilichobadilika, haionyeshi nani alishakipanga.

Tanzania tunalo zoezi la aina hii karibu kuliko tunavyodhani. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, hukutanisha wadau kabla ya kupanga nauli. Wamiliki huja na mchanganuo: mafuta, matairi, vipuri, bima, rejesho la mkopo wa basi. Abiria akisimama na kusema nauli ni kubwa, amesema kweli, ila kila mtu ukumbini alishalijua hilo. Akisema kwamba jioni magari ya njia yake yanakatisha ruti, kwa hiyo analipa nauli mara mbili kufika kituo kilekile, hesabu imebadilika. Nauli iliyoandikwa kwenye jedwali siyo anayoilipa. Hoja hiyo haipimwi kwa wingi wa makofi. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, ya mwanafunzi ikabaki 200, na sidhani kuna ukumbi wowote wa abiria ambao ungeupigia kura upandaji huo.

Athari isiyoonekana mezani huonekana barabarani. Tarehe 3 Desemba 2018 Kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Wazee, wajawazito na wagonjwa wakashushwa pembezoni na kukanyaga lami. Wiki haikuisha kabla marufuku haijasitishwa.

Ila kuna kisa kinachovuruga maelezo haya mazuri, nacho ni cha London vilevile. Mwaka 2008 meya Boris Johnson aliuliza kama eneo la magharibi lililoongezwa kwenye tozo ya msongamano, ile ya magari yanayoingia katikati ya jiji, liondolewe. Asilimia 69 ya majibu karibu 28,000 yakasema ndiyo, na safari hii asilimia ikatosha kabisa: eneo likaondolewa. Hapa idadi ilikwenda upande ambao meya alikuwa anaelekea. Wanasiasa hukumbuka kwamba maoni si kura pale hasa yanapowapinga.

Mahakama za Uingereza hazijali asilimia. Hutazama masharti manne yaliyotokana na kesi ya mwaka 1985 kuhusu shule za Brent, mtaa wa London, na ajabu ni kwamba yalikuwa hoja za wakili mmojawapo, jaji akazikubali, zikawa kanuni: uliza kabla hujaamua, toa maelezo ya kutosha, toa muda wa kutosha, kisha yatafakari majibu kwa dhati. Halmashauri tano zilipoishtaki tozo ya 2023, moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wananchi hawakupewa taarifa za kutosha kujibu ipasavyo. Julai 28 jaji aliona zilitosha.