Kwa nini madaktari wawili hupima mkono mmoja na kutoa asilimia mbili tofauti?

Chukua fundi wa karakana ya mbao jijini Nairobi, mshahara shilingi 20,000 kwa mwezi, aliyebanwa mkono wa kulia na mashine. Vidole vyote vipo, ila ngumi haifungi. Daktari aliyetafutwa na wakili wake anaandika ulemavu wa kudumu wa asilimia 50. Daktari wa kampuni ya bima anaandika 27. Kijiweni kesi inakatwa hapo hapo: mmoja kahongwa.

Huenda. Lakini inawezekana pia wote wawili wamepima sawasawa.

Ukisoma ripoti kama hizi, uliza kwanza: asilimia ya nini? Kiswahili chenyewe kinatutega hapa, maana "mkono" ni kile unachosalimia nacho na ni hicho hicho mpaka begani. Daktari hawezi kuliacha hivyo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, uliotoka kama kitabu mwaka 1971 na kufuatwa katika nchi nyingi, huhesabu kiungo ndani ya kiungo. Kidole gumba ni asilimia 40 ya kiganja, yaani sehemu yote kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Cha shahada na cha kati ni 20 kila kimoja. Cha pete na cha mwisho, 10 kila kimoja. Kiganja nacho ni asilimia 90 ya mkono mpaka begani, na mkono huo ni asilimia 60 ya mwili mzima. Basi aliyepoteza nusu ya uwezo wa kiganja, kama fundi wetu, amepoteza asilimia 45 ya mkono, na 27 ya mwili. Ni jeraha lile lile.

Sasa tia pesa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha kazini hukokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Kwa fundi wetu hiyo ni 1,920,000. Asilimia 50 ni shilingi 960,000. Asilimia 27 ni 518,400. Tofauti ya 441,600 inatokana na kutosema kama ni kiganja au mwili. Tanzania nako, ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unakuwa pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo hata pointi moja si ya kuchezea.

Na je, mtu akijifanya hawezi? Kipo kifaa cha kubana kwa kiganja, kinachopima nguvu za mkono, chenye mpini unaosogezwa nafasi tano. Anayebana kwa nguvu zake zote huwa dhaifu mpini ukiwa karibu sana au mbali sana, na hodari katikati. Ukichora namba zake unapata kilima. Anayejizuia mara nyingi huchora mstari bapa. Ila maumivu makali na woga wa kuumia tena navyo hubapaza mstari, kwa hiyo daktari anayemwita mtu mwongo kwa kipimo hicho peke yake amekwenda mbali mno. Kosa jingine ni haraka: kidonda kikiwa bado kinapona, asilimia utakayoandika leo itakuwa si kweli baada ya miezi sita.

Daktari mwenyewe hakati shauri. Maoni yake ni ushahidi wa mtaalamu, na mahakama inaweza kuyakataa ikieleza sababu. Tena tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Desemba 2019, madai haya huanzia kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na mahakama huja baadaye kwa rufaa. Daktari mara nyingi husomwa kabla ya kuhojiwa, na ripoti ya mistari minne haina wa kuitetea.

Mstari mmoja hasa hukosekana: kazi ya mgonjwa. Asilimia ya daktari hupima mwili, haijui kama mwenye kiganja kile ni mlinzi au seremala. Sheria ya Kenya inamruhusu Mkurugenzi kuongeza asilimia pale jeraha linapomuumiza mtu kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake. Lakini ataongezaje, ikiwa ripoti inasema tu "mwanamume, mfanyakazi," na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkono ule wa kulia ndio ulioshika randa?