Karanga zinazoloweshwa ndizo zinazoharibu unga wa lishe

Kila msimu wa kubangua karanga lalamiko ni lile lile: "Mzigo umezuiwa, mbona karanga ni safi?" Safi kwa macho. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haina rangi wala ladha, na punje chache tu zinatosha kuharibu kiroba kizima cha unga wa lishe.

Mambo huanzia kwenye kubangua. Ili maganda yalainike, watu hunyunyiza maji, jioni wakazifunga zikiwa bado na majimaji kwenye mfuko wa salfeti na kuulaza sakafuni. Karanga zilizobanguliwa hazitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 7. Zilizoloweshwa huvuka hapo siku hiyo hiyo, na joto la ndani ya mfuko humalizia kazi. Bangua kavu, kwa mashine, hata ile ya kuzungusha kwa mkono.

Kwa mahindi, ambayo nayo huingia kwenye unga huo, mwisho wa unyevu ni asilimia 13.5. Asiye na kipimo cha unyevu atumie chumvi, iliyokaushwa kwanza, la sivyo itamdanganya. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi robo, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha mahindi kwenye turubai.

Kuhusu ukaguzi, mkaguzi hachoti gunia moja la mlangoni. Bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, huchomwa juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, kwa kuwa sumu hukaa kwa mafungu. Sampuli huchanganywa, hugawanywa, hufungwa kwa lakiri, na mwenye mzigo husaini. Kikomo ni mikrogramu 5 za aflatoksini B1 (aina kali zaidi ya sumukuvu hii) kwa kilo, au 10 kwa jumla ya aina zote za aflatoksini. Mzigo uliozidi hauuzwi. Kuuchanganya na mzuri "kupunguza makali" ni kueneza sumu, basi.

Na hapana, kukaanga hakuiondoi sumukuvu. Moto wa jikoni haufikii joto la kuivunja yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula chao kilikuwa kimepikwa.

Karanga zilizonyauka, zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe kabla ya kukaanga. Machambuo hayo yasiuzwe kwa bei ya chini kwa watengeneza siagi ya karanga, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hutokea kwenye maziwa.