Wafanyakazi wahamiaji wa China nao ni wasanii

Wengi huamini kwamba wafanyakazi waliohama vijijini kwenda miji ya China, ambao idadi yao inakaribia milioni 300, huingia katika sanaa kama watu wa kuchorwa tu, kwa kuwa viwanda na ujenzi haviwaachii nafasi ya kubuni. Dhana hiyo inaeleweka, maana saa zao za kazi kweli ni ndefu. Hata hivyo, huko Picun, pembezoni mwa Beijing, wafanyakazi wenyewe walifungua makumbusho mwaka 2008 (yalifungwa 2023), wakaonyesha vibali vya ukaazi wa muda, barua na zana zao. Jioni waliigiza na kuandika mashairi. Anayetaka kuhakiki dhana hiyo atazame jina la mtunzi wa kazi ya sanaa, kisha aulize mchana hufanya kazi gani.